Vince Lombardi: Kutoka Seminari hadi Uwanja wa Michezo

Kila mwaka, mwezi Februari, mamilioni ya watu duniani huitazama fainali ya mpira wa Kimarekani iitwayo Super Bowl. Mchezo unapomalizika, washindi hukabidhiwa kombe la fedha lenye umbo la mpira uliosimamishwa. Kombe hilo limepewa jina la Mkatoliki mlei, Vince Lombardi, aliyefariki dunia tarehe 3 Septemba 1970. Wanaolijua jina hilo humkumbuka zaidi kama kocha aliyeshinda kuliko wenzake wa wakati ule. Ni wachache wanaofahamu kwamba mtu huyo alikaa seminarini miaka minne akijiandaa kuwa padre, na kwamba kabla ya kupata umaarufu alifundisha miaka minane katika shule ya sekondari ya parokia, akishika chaki asubuhi na filimbi jioni.

Sehemu hiyo ya maisha yake iliyosahaulika ndiyo tunayopenda kuitafakari leo pamoja nanyi, wapendwa wasomaji. Tunaamini inayo neno kwa vijana waliotoka seminarini wakidhani wito wao umezimika, kwa walimu wetu, na kwa wazazi ambao kazi imewachukua mbali na nyumba zao.

Mtoto wa mchinjaji

Vincent Thomas Lombardi alizaliwa tarehe 11 Juni 1913 huko Brooklyn, katika jiji la New York, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake, Enrico, aliyeitwa na wengi Harry, alikuwa mfanyabiashara wa nyama. Mama yake, Matilda Izzo, alitoka katika ukoo mkubwa wa Waitaliano waliohamia Marekani. Baba huyo alikuwa amechora kwa wino vidoleni mwake neno kazi katika mkono mmoja na neno mchezo katika mkono wa pili. Mtoto wake aliyasoma maneno hayo mawili kila siku mezani, na maisha yake yote yakaja kugawanyika kati ya hayo, huku Misa Takatifu ikiyaunganisha.

Familia ilisali katika Parokia ya Mtakatifu Marko, eneo la Sheepshead Bay, na huko ndiko kijana Vince alikotumikia altareni. Alipokuwa na umri wa miaka 12, akiitumikia Misa ya Dominika ya Pasaka, aliamua moyoni mwake kuwa padre. Halikuwa wazo la siku moja. Alipotimiza miaka 15 alijiunga na seminari ndogo ya Cathedral huko Brooklyn, iliyokuwa na masomo ya miaka sita kwa vijana waliotazamia upadre wa jimbo.

Katika seminari hiyo alicheza mpira wa kikapu na besiboli, ingawa macho yake hayakuona vizuri na mwili wake haukuwa mwepesi. Mchezo alioupenda kuliko yote, yaani mpira wa Kimarekani, ulikuwa umekatazwa na kanuni za seminari. Katika mchezo huo wachezaji 11 wa kila upande hushindana kuubeba mpira hadi mwisho wa uwanja wa wapinzani, na kuangushana kwa nguvu ni sehemu ya mchezo wenyewe. Kijana Vince aliucheza nje ya seminari kinyume cha kanuni hizo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonesha mapema mvutano uliokuwa ndani yake: alipenda utaratibu na utii, na papo hapo alikuwa na moto usiozimika kwa urahisi.

Baada ya miaka minne aliiacha seminari. Tunajua jinsi uamuzi kama huo unavyokuwa mzito katika familia ya Kikatoliki, ambamo ndugu na majirani wamekwisha kuanza kumwona kijana wao akiwa na stola shingoni. Vince alihamia Shule ya Mtakatifu Fransisko huko Brooklyn mwaka 1932, akacheza mpira kwa bidii, na mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Fordham kilichoko Bronx, chini ya malezi ya Mapadre Wayesuiti.

Mwamba mmoja kati ya saba

Huko Fordham kocha wake alikuwa Jim Crowley, ambaye naye alikuwa mchezaji mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Notre Dame. Lombardi alikuwa mfupi kwa nafasi aliyopangiwa ya ulinzi wa mstari wa mbele: urefu wake ulikaribia sentimita 173 tu, nao waliomkabili walimzidi kwa kimo na uzito. Alifidia upungufu huo kwa ukaidi. Katika mchezo mmoja dhidi ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh alipasuka ndani ya kinywa na kung'oka meno kadhaa. Alitolewa nje, kisha akarudishwa uwanjani wakati wapinzani walipokuwa hatua chache kufikia mstari wa goli, naye na wenzake wakazuia. Mchezo ukamalizika bila upande wowote kupata alama.

Mwaka 1936 mstari huo wa mbele wa Fordham, wenye wachezaji saba, ulipewa jina la Miamba Saba ya Itale, kwa kuwa timu pinzani zilishindwa kuupenya. Timu ilitazamia mwaliko wa kucheza fainali kubwa ya Rose Bowl. Lakini katika mchezo wa mwisho ilifungwa na Chuo Kikuu cha New York kwa alama 7 kwa 6, na tumaini hilo likapotea kwa tofauti ya alama moja. Lombardi alikumbuka siku hiyo kwa miaka mingi.

Kando ya uwanja, Fordham ilimpa jambo lililodumu zaidi. Mafundisho ya maadili ya Padre Ignatius Cox, Myesuiti, yalimwingia sana. Humo alijifunza kwamba uhuru wa mtu huenda pamoja na wajibu, kwamba utashi hufundishwa kwa nidhamu, na kwamba mtu hukamilika anapojitoa kwa ajili ya kitu kilicho kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Wachezaji waliomsikiliza miaka ishirini na zaidi baadaye walikuwa wakiyasikia, pasipo kujua, masomo ya darasa la padre huyo.

Alihitimu mwezi Juni 1937, wakati Marekani ilikuwa bado katika hali ngumu ya uchumi. Alifanya kazi hapa na pale, akajiandikisha kusomea sheria, akaacha baada ya muhula mmoja. Alikuwa na miaka 25, bila taaluma iliyo wazi na bila seminari ya kurudia. Kwa macho ya kibinadamu, kijana yule aliyeahidi mengi alikuwa amesimama njia panda.

Miaka minane ya Mtakatifu Sesilia

Mwaka 1939 mlango ulifunguka. Andy Palau, aliyekuwa amecheza naye Fordham, alikuwa kocha wa Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Sesilia, katika mji mdogo wa Englewood, jimbo la New Jersey. Alihitaji msaidizi. Shule ilikuwa ya parokia iliyotunzwa na Mapadre Wakarmeli, na haikuwa na fedha za kuajiri mtu wa michezo peke yake. Ndipo Lombardi alipopewa pia vipindi vya Kilatini, kemia na fizikia. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa chini ya dola 1,000.

Tarehe 31 Agosti 1940 alifunga ndoa na Marie Planitz katika Kanisa la Mama Yetu wa Kimbilio, huko Bronx. Mwaka 1942 Palau alirudi Fordham, na Lombardi akawa kocha mkuu. Alifundisha mpira wa Kimarekani, akafundisha pia mpira wa kikapu na besiboli. Matunda yalionekana mapema. Timu yake ya mpira ilipitisha michezo 32 bila kushindwa, mitatu kati ya hiyo ikiwa sare, na mwaka 1943 ilihesabiwa miongoni mwa timu bora kabisa za sekondari nchini Marekani. Mwaka 1945 timu yake ya kikapu ilitwaa ubingwa wa shule za Kikatoliki wa New Jersey.

Hata hivyo, ushindi huo una thamani ndogo kwetu kuliko namna ulivyopatikana. Darasani Lombardi alikuwa na desturi ya kwenda kwa mwendo wa mwanafunzi aliye nyuma kuliko wote. Somo lilirudiwa hadi yule wa mwisho alipolielewa, ndipo ukurasa ukafunuliwa. Njia hiyohiyo aliipeleka uwanjani. Hakuwapa vijana mbinu nyingi. Aliwapa chache, akazirudia kwa subira na kwa ukali hadi kila mmoja alipojua afanye nini na kwa nini afanye hivyo.

Tukumbuke kwamba mtu huyo alikuwa ametaka kuwa padre. Sasa alikuwa na kundi la vijana waliomtazama kila siku, akiwafundisha, akiwakemea, akiwaongoza katika sala kabla ya mchezo na kusherehekea nao baada yake. Mungu hakuwa amemnyima wito wa kuwalea wengine, ila alimpa mahali pengine pa kuuishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuja kufundisha, miaka ishirini na zaidi baadaye, kwamba walei huutafuta ufalme wa Mungu katika shughuli zao za kila siku. Lombardi alikuwa akiishi hivyo tayari katika mji ambao nje ya New Jersey wachache waliujua.

Aliondoka Mtakatifu Sesilia mwaka 1947 akiwa na miaka 34. Shule hiyo ya sekondari ilikuja kufungwa mwaka 1986, lakini mbegu iliyopandwa pale ilikuwa imekwisha kupandikizwa mahali pengine.

Jiji dogo la Green Bay

Tutapita kwa haraka katika miaka iliyofuata. Alirudi Fordham kama kocha wa vijana wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1949 alikwenda chuo cha kijeshi cha West Point, akawa msaidizi wa kocha Earl Blaik, ambaye alimfundisha namna ya kuandaa kazi hadi jambo dogo la mwisho. Mwaka 1954 alijiunga na timu ya New York Giants, iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1956. Miaka ilikuwa inakwenda, na hakuna aliyempa timu ya kuiongoza mwenyewe. Alihisi kwamba jina lake la Kiitaliano lilikuwa limemfungia milango, na maumivu hayo ya kubaguliwa hayakumtoka.

Mwaka 1959, akiwa na miaka 45, aliitwa kuiongoza Green Bay Packers, timu ya mji mdogo wenye baridi kali katika jimbo la Wisconsin. Msimu uliotangulia timu hiyo ilikuwa imeshinda mchezo mmoja tu kati ya 12. Katika msimu wake wa kwanza ilishinda 7. Mwaka 1960 ilifika fainali ikashindwa na Philadelphia Eagles kwa alama 17 kwa 13, nao ulikuwa mchezo pekee wa hatua ya fainali ambao Lombardi aliwahi kushindwa akiwa kocha mkuu.

Majira ya joto yaliyofuata wachezaji walirudi kambini wakidhani wataendelea pale walipoachia. Badala yake kocha alianza na mpira wenyewe, akiwaonesha watu wazima waliolipwa kwa kucheza kitu walichokijua tangu utoto. Mwalimu wa fizikia wa Englewood alikuwa amerudi ubaoni. Ubingwa ulikuja mwaka 1961, ukaja tena 1962, kisha 1965, 1966 na 1967. Katika miaka miwili ya mwisho Packers ilishinda pia Super Bowl mbili za kwanza kabisa. Tarehe 31 Desemba 1967 iliishinda Dallas Cowboys kwa alama 21 kwa 17, katika baridi iliyofikia nyuzi joto takriban 25 za Selsiasi chini ya sifuri.

Katika miaka hiyo yote siku yake ilianza kanisani. Watu wa Green Bay walizoea kumwona kila asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Willebrord akishiriki Misa kabla ya kwenda kazini. Kocha aliyewataka wengine wafike mapema alianza yeye kwa kufika mapema mbele ya altare.

Imani hiyo ilikuwa na sura ya nje pia. Wakati ule miji mingi ya Marekani ilikuwa bado inawabagua watu weusi katika nyumba, hoteli na migahawa. Lombardi alitangaza kwamba mchezaji yeyote atakayemdhalilisha mwenzake kwa sababu ya rangi ataondoka katika timu. Aliwajulisha wenye migahawa na baa za Green Bay kwamba mahali ambapo mchezaji mweusi hatapokewa, hapatakanyagwa na mchezaji yeyote. Willie Davis, Mmarekani mweusi, akawa nahodha wa walinzi wake. Haya aliyafanya kabla ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, wakati jambo hilo lingeweza kumgharimu marafiki na mashabiki.

Msalaba wa nyumbani

Tungekosa haki kama tungemwandika Lombardi kana kwamba hakuwa na doa. Alikuwa mwepesi wa hasira. Sauti yake iliwatetemesha wachezaji, na mara nyingine maneno yake yaliumiza. Waliomfahamu walisema kwamba Misa ya kila siku ilikuwa, kwa sehemu, mapambano yake na hasira hiyo. Tunaelewa vema jambo hili sisi tunaokwenda kupokea Ekaristi tukiwa na udhaifu uleule wa juzi na jana. Hatuendi altareni kwa sababu tumekwisha kupona.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Marie alikuwa ameonja uchungu wa kupoteza mimba yao ya kwanza, na upweke wa kuishi na mtu aliyefunga ndoa na kazi ulimwelemea. Watoto wao wawili, Vincent na Susan, hawakumpata baba kwa kiasi ambacho wachezaji walimpata kocha. Mtu aliyemsubiri mwanafunzi aliye nyuma kuliko wote hakuwa na subira hiyo daima mezani kwake. Hapa wazazi wengi wanaweza kujiona: tunawatumikia wengine kwa moyo, katika ofisi, katika biashara, hata katika kamati za parokia, na kisha tunaleta nyumbani mabaki ya nguvu zetu.

Kuhusu ushindi pia alieleweka vibaya. Msemo kwamba ushindi ndio kila kitu ulivuma kwa jina lake, ingawa kocha mwingine, Red Sanders, aliutumia kabla yake. Lombardi mwenyewe alikuja kueleza kwamba alichokidai ni juhudi kamili ya kuushindania. Alipenda mfano wa Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, kuhusu wakimbiaji katika uwanja wa mashindano. Mtume anatukumbusha pale kwamba taji la wanamichezo huharibika, na kwamba sisi twalitazamia lile lisiloharibika. Nusu zote mbili za fundisho hilo ni za lazima: kukimbia kwa nguvu zote, na kujua ni taji lipi tunalolikimbilia.

Safari ya mwisho

Baada ya ubingwa wa mwaka 1967 aliacha ukocha wa Packers. Mwaka 1969 alirudi uwanjani akiiongoza timu ya Washington, akaipatia msimu wa kwanza wa ushindi tangu mwaka 1955. Haukufuata wa pili. Mwezi Juni 1970 madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown, nayo wakati ule ilikuwa ya Wayesuiti, waligundua kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Aliishi wiki chache tu. Wachezaji wake wa zamani walikuja kumwona kitandani, watu wazima wenye vifua vipana, wakatoka wakilia.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 57. Misa ya mazishi iliadhimishwa tarehe 7 Septemba 1970 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi jijini New York, ikiongozwa na Kardinali Terence Cooke, Askofu Mkuu wa New York. Alizikwa katika makaburi ya Mlima wa Mizeituni huko Middletown, New Jersey, jimbo lile alikoanzia kazi ya kufundisha. Baadaye kombe la Super Bowl likapewa jina lake, na huko Georgetown kituo cha kutibu na kuchunguza saratani kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Mama Kanisa hajamtangaza Lombardi kuwa mtakatifu, nasi hatumpi cheo hicho. Tunamkumbuka kama ndugu mwamini aliyefanya kazi kwa bidii, aliyependa Misa, aliyewatetea waliodharauliwa, na aliyebeba hasira yake hadi mwisho akiipeleka kila asubuhi mbele za Mungu.

Katika parokia zetu wapo vijana waliorudi kutoka seminarini, nao hutazamwa kwa jicho la huruma au la lawama. Tuwapokee vema, kwa maana Mungu hapotezi malezi aliyokwisha kuyatoa. Wapo walimu wanaofundisha masomo matatu kwa mshahara mdogo, na jioni wanabaki uwanjani na vijana wakati wenzao wamekwenda nyumbani. Tuwashukuru wangali hai. Na tunapowaombea marehemu wetu mwezi Novemba, tuwakumbuke pia walimu wetu waliotutangulia, hasa wale waliosubiri hadi nasi tuliokuwa nyuma tukaelewa.